Lango Kabla ya Chaguo: Historia ya Simu, Televisheni na Intaneti ya Nyumbani nchini Kenya na Tanzania

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mkazi wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja hakuwa na haja ya kujiuliza ni kampuni ipi ingempa simu ya nyumbani kwa bei nafuu, kwa kuwa mtoaji wa huduma alikuwa mmoja, bei ilikuwa moja, na uamuzi pekee uliobaki mikononi mwa mteja ulikuwa kuomba au kutoomba. Historia ya mawasiliano ya nyumbani katika nchi hizi huelezwa mara nyingi kama mfululizo wa vyombo, kutoka simu ya mezani hadi ya mkononi na kutoka antena hadi kisimbuzi, lakini maelezo ya namna hiyo huliacha kando jambo lililougusa zaidi mfuko wa mwananchi, yaani nani alishika lango ambalo huduma ilipitia kabla ya kufika sebuleni. Lango, kwa maana inayotumika hapa, ni kile kitu kimoja ambacho kila mtoaji huduma hana budi kukipitia, kiwe waya wa shaba wa mtaani, leseni ya masafa, au mkongo uliolazwa chini ya bahari. Ushahidi wa karibu miaka 150 unaonyesha kwamba bei zilishuka pale lango lilipopata mshindani, na kwamba wingi wa majina ya kampuni, peke yake, haukutosha kuzishusha.

Lango la kwanza lilifunguliwa Unguja mwaka 1879, pale kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ilipolaza waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden kupitia Unguja hadi Msumbiji na Durban. Telegrafu, yaani upelekaji wa maandishi kwa alama za umeme, haikuwa huduma ya nyumbani hata kidogo. Ilikuwa ya serikali, ya mabalozi na ya wafanyabiashara wa karafuu na pembe za ndovu waliohitaji kujua bei za London na Bombay kabla ya wenzao. Hata hivyo iliacha urithi uliodumu kuliko waya wenyewe, nao ni dhana kwamba mawasiliano ya nje ni mali ya kampuni moja yenye kibali, na kwamba atakaye kuyatumia hulipa bei aliyopangiwa. Simu za mijini zilizofuata mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa mikononi mwa idara ya posta ya serikali ya kikoloni, zikiwahudumia maofisa, walowezi na maduka makubwa. Katika nyanda za juu za Kenya baadhi ya walowezi walitumia laini ya pamoja, mpango ambao mashamba kadhaa yalishiriki waya mmoja na kila nyumba kuitambua simu yake kwa mlio wake, jambo lililomaanisha kuwa jirani mwenye muda angeweza kunyanyua mkonga wa simu na kusikiliza mazungumzo yote.

Baada ya uhuru mfumo huo haukuvunjwa bali ulibadilishiwa wamiliki. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilikuwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao makuu Kampala, nalo likahudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Simu za nje ya eneo zilishughulikiwa na kampuni nyingine, iliyojulikana kwa kifupi kama Extelcoms, ambayo serikali ziliimiliki kwa ubia na Cable and Wireless ya Uingereza. Majengo yenye jina la kampuni hiyo bado yapo Nairobi na Dar es Salaam, ingawa wengi wanaopita mbele yake hawajui kwamba humo ndimo kila neno la kwenda ng'ambo lilimopitia. Kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa katika Bonde la Ufa mwaka 1970, kiliongeza ubora wa sauti na idadi ya simu zilizoweza kupita kwa wakati mmoja. Bei, kwa mtu wa kawaida, ilibaki ya kuogofya, kwa kuwa mwenye setilaiti na mwenye waya alikuwa yule yule.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua kipande chake cha shirika na kuunda shirika la posta na simu la taifa, na miaka iliyofuata ndiyo iliyojenga kumbukumbu ambayo wazee wa mijini wanayo hadi leo kuhusu simu ya mezani. Mwombaji alijaza fomu posta, akaingizwa katika orodha ya kusubiri, na kungoja kwake kuliweza kuchukua miaka, kwa sababu laini mpya ilihitaji nafasi katika swichi ya mtaa na jozi ya nyaya za shaba hadi nyumbani, na vyote viwili vilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo serikali za miaka ya 1980 hazikuwa nazo. Aliyefanikiwa kupata laini alikabiliwa na bei za aina mbili: simu za ndani ya mji, ambazo zilikuwa rahisi, na simu za mbali, ambazo ziliombwa kwa opereta, zikasubiriwa, kisha zikatozwa kwa vipande vya dakika tatu tatu hata kama mazungumzo yalikwisha katika dakika ya kwanza. Opereta aliingilia kati kutangaza kwamba dakika tatu zimekwisha na kuuliza kama mteja anaongeza, na watu wa kizazi hicho walijifunza kusema habari za msiba, za ada ya shule na za salamu kwa utaratibu maalumu, jambo kubwa kwanza na mengine baadaye.

Bili ilikuja mwisho wa mwezi bila mchanganuo wa maana, na hapo ndipo kufuli la simu lilipopata umaarufu wake. Lilikuwa kufuli dogo la chuma lililotiwa katika tundu mojawapo la duara la namba, likalizuia duara lisizunguke, na ufunguo ukakaa kwa baba mwenye nyumba au kwa meneja wa ofisi. Simu iliweza kupokewa lakini haikuweza kupigwa. Kinga hiyo ilikuwa na udhaifu wa kiufundi ambao vijana waliugundua mapema. Duara la namba, linaporudi mahali pake, hufanya kazi moja tu ya kukata na kuunganisha mkondo wa umeme mara nyingi kadiri ya tarakimu iliyochaguliwa, na kazi hiyo hiyo hufanywa na kitufe kinachokaliwa na mkonga wa simu. Kwa hiyo aliyekigonga kitufe kwa haraka mara nne, akatua, kisha akagonga mara saba, alikuwa amepiga nne na saba bila kuligusa kufuli. Bili ziliendelea kupanda katika nyumba zilizofungwa, na lawama ziliangukia mashirika ya simu ambayo, kwa haki, mara nyingi yalistahili lawama nyingine kubwa zaidi.

Unafuu wa wakati huo haukutoka katika orodha ya bei bali katika kushirikiana. Namba moja ya simu ilikuwa ya ukoo mzima na pengine ya mtaa: ndugu aliyekuwa Muscat au London alipiga kwa mwenye duka, mtoto akatumwa kumwita mhusika, na simu ikapigwa tena baada ya muda waliopatana. Vibanda vya simu vya sarafu, na baadaye vya kadi, viliongeza njia ya pili, ingawa vilikuwa vikiharibika mara kwa mara na foleni zake jioni zilikuwa ndefu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye baraza maarufu la Jaws Corner ambapo wazee hunywa kahawa na kucheza bao na dhumna, ipo simu kuukuu iliyotundikwa pamoja na maandishi yanayotangaza kwamba simu za kimataifa hupigwa hapo bure. Haijaunganishwa na kitu chochote, na mzaha huo hueleweka vizuri zaidi na mtu aliyewahi kulipa bili ya simu ya nje katika miaka ya 1980.

Baraza hilo hilo lina nafasi katika historia ya televisheni, kwani jina lake linatokana na filamu ya papa ambayo watu walikusanyika kuitazama mahali hapo. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, ikazitangulia nchi nyingi za Afrika zilizokuwa tajiri kuliko yenyewe, na kwa kuwa seti ya televisheni ilizidi uwezo wa kaya nyingi, utazamaji wa hadhara barazani ulikuwa jambo la kawaida. Tanzania Bara ilichukua msimamo wa kinyume. Serikali ya Julius Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mijini ambayo ingegharamiwa na wengi wa vijijini, ikaweka nguvu zake katika Redio Tanzania Dar es Salaam, na matokeo yake yalikuwa hali ya ajabu ambapo wakazi wa Dar es Salaam wenye seti walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa na kuzielekeza upande wa bahari ili kunasa picha za TVZ, televisheni ya Zanzibar, kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari. Kenya nayo ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, ikitangaza kutoka Nairobi, lakini kwa miongo karibu mitatu chaneli ilikuwa moja, ya serikali, na mtazamaji hakuwa na la kuchagua zaidi ya kuwasha au kuzima.

Mwaka 1990 Kenya ilipata KTN, kituo cha kwanza cha televisheni kisicho cha serikali, na mwaka 1993 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji pamoja na Sheria ya Mawasiliano, ambazo kwa pamoja ziliruhusu watu binafsi kutangaza na kutoa huduma za simu. Mwaka uliofuata ITV, DTV na CTN zilikuwa hewani Dar es Salaam, miaka kadhaa kabla serikali yenyewe haijawa na televisheni Bara. Wenye uwezo walifunga madishi makubwa ya setilaiti, na katika miji mingi wajasiriamali walifunga dishi moja, wakavuta nyaya kutoka nyumba hadi nyumba na kutoza ada ndogo ya mwezi, utaratibu ulioitwa kebo. Wengi wao hawakuwa na haki ya kusambaza chaneli walizozisambaza. Hata hivyo ni vigumu kukana kwamba wao ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza swali ambalo kampuni kubwa zililipuuza kwa muda mrefu, la kaya ya kipato cha chini inaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi bila kukatiwa.

Upande wa simu, mageuzi yaliacha kufuli moja bila kufunguliwa. Mashirika ya zamani yaligawanywa, TTCL ikizaliwa Tanzania mwaka 1994 na Telkom Kenya mwaka 1999, lakini yote mawili yalipewa kipindi cha upekee, yaani miaka kadhaa ambayo hakuna kampuni nyingine iliyoruhusiwa kutoa simu za waya. Kipindi hicho kilikwisha Kenya mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2005. Lengo lilikuwa kuwavutia wawekezaji na kuwapa muda wa kupanua nyaya, na kwa kigezo hicho sera haikufaulu: Tanzania nzima ilikuwa na laini za mezani zisizofika laki mbili mwaka 2000, Kenya ikiwa na takriban laki tatu, huku wezi wa shaba wakikata nyaya usiku na kuziuza kama chuma chakavu. Wakati lango la waya likilindwa, simu za mkononi zilipita dirishani. Safaricom na Vodacom Tanzania zilianza mwaka 2000, zikauza muda wa maongezi kwa kadi za kukwangua, na kaya ambayo haikuwahi kuingia katika orodha ya kusubiri ilijikuta ina simu tatu chini ya paa moja. Kwa familia nyingi simu ya nyumbani haikufa, kwa maana haikuwahi kuzaliwa.

Lango la televisheni lilibadilishwa kwa nguvu ya mkataba wa kimataifa. Makubaliano yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda mitambo ya analojia katika nchi zilizohusika, na Tanzania ikaamua kutangulia kwa kuzima mitambo ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Katika mfumo wa dijitali masafa yaliyobeba chaneli moja huweza kubeba chaneli nyingi kwa pamoja, kazi inayofanywa na kampuni ya kusambaza mawimbi, naye mtazamaji mwenye televisheni ya zamani huhitaji kisimbuzi, ambacho watu wengi hukiita king'amuzi, ili kuyatafsiri mawimbi hayo. Kwa hatua moja, kituo cha televisheni kilinyang'anywa mnara wake na kuwa mpangaji katika mnara wa mwingine, na mtazamaji ambaye jana alitazama bure kwa antena ya waya akatakiwa kununua kifaa.

Kenya ililipitia jambo hilo kwa mvutano mkubwa. Vyombo vikubwa vya habari vilipinga kukabidhi mawimbi yao kwa wasambazaji wawili waliokuwa na leseni, mmoja akiwa tawi la shirika la utangazaji la serikali na mwingine kampuni ya Kichina, shauri likafika Mahakama ya Juu iliyotoa hukumu Septemba 2014, na Februari 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani kwa karibu majuma matatu hadi wamiliki wake walipokuwa tayari na mtandao wao wa usambazaji. Tanzania ilikutana na ugomvi wa namna hiyo mwaka 2018, wakati mamlaka ya udhibiti, TCRA, iliposisitiza kwamba chaneli za kitaifa za bure zionyeshwe katika visimbuzi vya wasambazaji wenye wajibu huo kisheria, nazo zikaondolewa katika visimbuzi vya setilaiti vya kulipia kama Azam, DStv na Zuku, ambavyo leseni zake zilikuwa za aina nyingine. Kisheria hoja ilikuwa na mashiko, kwani chaneli ya bure isingepaswa kukatika kwa sababu mteja hajalipia kifurushi. Kiutendaji, kaya iliyokwisha kununua dishi na kisimbuzi kimoja iliambiwa kwamba habari za nyumbani sasa zinahitaji kisimbuzi cha pili.

Intaneti ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, kwa kuwa kabla na baada ya kufunguliwa kwa lango lake vinatenganishwa na majira machache ya mwaka 2009. Hadi wakati huo pwani yote ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na uwezo wa megabiti moja kwa sekunde, ambao leo hautoshi kutazama filamu vizuri, uligharimu dola elfu kadhaa za Marekani kwa mwezi. Mradi wa EASSy, uliokusudiwa kuunganisha pwani kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, ulikwama katika mabishano ya miaka mingi kuhusu umiliki na bei, mpaka serikali ya Kenya ikachoka kusubiri na kuanzisha wake, TEAMS, kwa ubia na Etisalat ya Falme za Kiarabu na kampuni za simu za Kenya. Mkongo huo uliwasili Mombasa kutoka Fujairah Juni 2009. SEACOM, uliojengwa na wawekezaji binafsi, ukaanza kazi Julai mwaka huo huo ukitua Mombasa na Dar es Salaam, na EASSy yenyewe ikafuata mwaka 2010. Inafaa kusisitizwa kwamba kilichoshusha bei ya jumla ni kuwapo kwa mikongo mitatu yenye wamiliki tofauti, maana mkongo mmoja tu ungekuwa setilaiti nyingine iliyozamishwa majini.

Ulaya na Marekani zilikuwa zimezoea kifurushi kinachounganisha simu, intaneti na televisheni katika bili moja, na Zuku ya kampuni ya Wananchi ilileta mpango huo katika mitaa ya Nairobi na Mombasa iliyofikiwa na nyaya zake. Ulipendwa na tabaka la kati, lakini njia ya walio wengi ilikwenda kinyume: badala ya kuunganisha huduma tatu kwa mwezi, walizikatakata. Bando la siku, la wiki, la usiku, la mitandao ya kijamii pekee; kisimbuzi kinacholipiwa wiki ya mechi na kuachwa wiki isiyo na mechi; yote yakilipwa kwa M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, na huduma za mfano wake. Wachumi hueleza kwamba anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kipimo, na hesabu yao ni sahihi. Isipokuwa hesabu hiyo haina safu ya mtu asiyejua atapata nini Jumatatu, ambaye kwake mkataba wa miezi 12 ni deni na bando la siku ni uhuru wa kutolipa kesho.

Tangu miaka ya 2010 nyaya za kioo, zinazoitwa faiba, zimeanza kuingia majumbani, TTCL ikitumia Mkongo wa Taifa na kampuni binafsi zikipitisha nyaya zao juu ya nguzo za umeme. Serikali nayo imekuwa mshiriki katika bei: Kenya iliweka ushuru wa asilimia 15 juu ya data na simu mwaka 2018, ikaupandisha hadi 20 mwaka 2021 na kuurudisha 15 mwaka 2023. Julai 2023 Starlink, inayotoa intaneti kwa setilaiti zinazozunguka karibu na dunia, iliingia Kenya, na mwaka uliofuata Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya nyumbani bila kupandisha bei, jambo ambalo malalamiko ya wateja ya miaka mingi hayakuwahi kulifanikisha.

Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Orodha za vifurushi zilibaki zile zile ukutani kwa mawakala, zikiwa na rangi zake, kasi zake na bei zake, lakini kwa siku hizo tofauti ya maana kati ya kampuni na kampuni ilikuwa moja tu: kama ilikuwa imenunua nafasi katika mkongo wa tatu au la, na hilo halikuwa limeandikwa katika orodha yoyote.